Kilele cha 404 keV kimeingiaje kwenye spektra ya risasi-186?

Mgeni_wa_Spektra

Wakuu, habari za kazi. Niko uzamili, fizikia ya viini, na msimamizi wangu amenipa data ya zamani nijifunzie kabla sijaruhusiwa kugusa mpya. Mmenyuko ni kriptoni-83 kwenye shabaha ya paladi-106. Kiini shina (viini viwili vikishaungana) kina nukleoni 189, kinatema nyutroni tatu, inabaki risasi-186. Vigunduzi vya jerimani vimeizunguka shabaha, kisha kuna kitenganishi chenye heliamu ya shinikizo dogo, na mwisho kabisa kuna silikoni mbili za vikanda. Rikoili (kiini kilichobaki, kikirushwa mbele na mgongano) inazama humo, inatulia, na baada ya muda inatoa alfa palepale ilipozama.

Nilichofanya: natafuta alfa ya 6335 keV, ambayo ni ya risasi-186. Nikiipata narudi nyuma kwenye pikseli ileile (kimraba ambapo vikanda viwili vinakutana) hadi sekunde 15 (nusu-maisha ni 4.82 s), nachukua rikoili ya mwisho kabla ya alfa, halafu nauliza ni gama zipi zilizopigwa kwenye jerimani wakati rikoili hiyo inazaliwa. Spektra iliyotoka inanifurahisha kwa sehemu: 662, 261, 337 na 415 keV, zote zipo kama zilivyochapishwa.

Sasa katikati yao kuna kilele kinene karibu na 404, kipana kuliko jirani zake, na kirefu kiasi kwamba siwezi kukipuuza. Mpango wa ngazi wa risasi-186 niliopewa hauna mstari wenye nguvu hivyo mahali hapo. Mwenzangu ananiambia niuripoti kama mpito mpya. Mimi moyo unasita.

Swali la pili, hili ni la uelewa tu: kwa nini mpito wa kwanza ni mkubwa hivyo, 662, kisha unaofuata unaporomoka hadi 261, halafu inaanza kupanda tena taratibu? Nilifundishwa kwamba mistari hii ndiyo inayotuambia umbo la kiini, lakini sioni umbo, naona namba tu.

Ikiwasaidia: kasi ya jumla ya rikoili kwenye silikoni ilikuwa kama 1000 kwa sekunde. Silikoni kila moja ina vikanda 60 kwa 40.

Kapteni_Alfa

Karibu mkuu. Kabla hujaenda mbali, kagua marekebisho ya Doppler. Kwa mmenyuko huo rikoili inatoka kwenye shabaha kwa takriban asilimia 4 ya kasi ya mwanga. Gama ya 662 inayotoka kwa kiini kinachokimbia hivyo, ukiipokea kwa kigunduzi kilichokaa nyuma kwenye digrii 158, inafika ikiwa karibu 638. Kwenye digrii 90 inafika ilivyo, pungufu ya nusu keV tu. Kwa hiyo kama pete moja ya vigunduzi imepewa pembe ya pete nyingine, kila mstari utakuwa na kivuli chake pembeni. Hiyo 404 inaweza kuwa kivuli cha 415.

Kama Doppler iko sawa, basi mimi ningemsikiliza mwenzako. Kwenye risasi-186 kuna ngazi nyingine nje ya ule mkondo mkuu, si zote zenye nguvu sawa.

Bi_Jerimani

Kapteni, kwa heshima zote, hapana. Kama ni kivuli cha Doppler, 662 ingekuwa nacho pia, tena kikubwa zaidi kwa sababu mhamo unakua na nishati. Kijana kasema vilele vingine vimekaa vizuri. Na habari ya mpito mpya tuiache kabisa hapo ilipo. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeligundua hilo kundi la 404, na kila mwaka ni jambo lilelile.

Mdogo wangu, hiyo si risasi. Ni zebaki-186.

Kiini shina chako kina protoni 82 na nukleoni 189, na kina joto la kutosha kutema chembe tatu. Hakuna sheria inayosema zote tatu ziwe nyutroni. Ukiwa upande huu wa ramani, ambako nyutroni ni haba, nyutroni zimefungwa kwa nguvu na protoni zimefungwa kwa ulegevu, hivyo njia za protoni zinashindana vikali. Kikitoa protoni mbili na nyutroni moja, unabaki na protoni 80 na nukleoni 186. Zebaki-186 ina ngazi ya 2+ (namba ni spini, alama ni pariti) kwenye 405 keV na ya 4+ kwenye 808. Toa: mpito wa 4+ kushuka 2+ ni 403. Unaona sasa? Ni mistari miwili, 405 na 403, imebanana. Jerimani nzuri ina upana wa 2 keV hivi ukiiwekea chanzo tuli cha kobalti-60, na kwa rikoili inayokimbia upana unaongezeka kwa sababu kila kigunduzi kinafunika pembe zaidi ya moja. Haiwezekani kuzitenganisha kwenye spektra ya kawaida. Ndiyo maana kilele ni kinene.

Uthibitisho wake usiutafute kwenye spektra ya alfa. Nenda kwenye matriki ya gama-gama (jedwali la gama zilizopigwa mbili mbili kwa wakati mmoja) iliyofungwa kwa rikoili tu, bila alfa, maana huko una hesabu nyingi. Weka geti kwenye 404, yaani chagua gama zilizokuja sanjari nayo tu. Kilele cha kawaida ukikiwekea geti kinatoweka chenyewe, kwa kuwa gama moja haiwezi kuwa sanjari na yenyewe. Chako kitabaki, kitasimama palepale kwenye 404, kwa sababu geti limeshika 405 na linakuonyesha 403, na kinyume chake. Ukiona hivyo, hakuna tena ubishi.

Kama kulikuwa hakuna karatasi za bati na shaba mbele ya vigunduzi (watu huziweka kupunguza eksirei), angalia pia upande wa chini wa geti hilohilo. Zebaki inatoa eksirei yake ya K-alfa karibu na 71 keV, risasi karibu na 75. Tofauti ya keV nne jerimani inaiona vizuri, na namba ya protoni inakuwa imejitaja yenyewe. Kama karatasi zilikuwepo, usihangaike, eneo hilo litakuwa limekauka.

Sasa swali la maana: imepenyaje? Zebaki-186 karibu haitoi alfa. Tawi lake la alfa ni kama mbili katika elfu kumi, na alfa hiyo iko chini ya 5.1 MeV kidogo, mbali na dirisha lako. Kwa hiyo haikuingia kwa alfa yake. Iliingia kwa alfa ya mwingine, na hesabu yake ni nyepesi.

Silikoni mbili za 60 kwa 40 ni pikseli 4800. Rikoili 1000 kwa sekunde zikisambaa sawasawa, kila pikseli inapokea takriban 0.2 kwa sekunde, yaani moja kila sekunde tano. (Hazisambai sawasawa, katikati ni mbaya zaidi, lakini tuendelee.) Nusu-maisha ya risasi-186 ni sekunde 4.82. Yaani risasi yako inazama, inakaa ikisubiri kutoa alfa, na kwa wastani kabla haijatoa, rikoili nyingine inashuka juu yake kwenye pikseli ileile. Wewe unachukua ya mwisho kabla ya alfa. Ya mwisho ni nani? Mara nyingi ni zebaki, kwa kuwa ndiyo nyingi.

Ukitaka namba: kiwango cha kuoza ni 0.693 gawanya kwa 4.82, yaani 0.144 kwa sekunde. Uwezekano kwamba hakuna mgeni aliyeingia katikati ni 0.144 gawanya kwa jumla ya 0.144 na 0.2. Unapata 0.42. Zaidi ya nusu ya ndoa za rikoili na alfa ulizofungisha ni za nasibu. Fanya hesabu hiyohiyo kwa risasi-184, nusu-maisha 490 ms: unapata 0.88. Kwa risasi-180, ambayo inaishi milisekunde chache, nasibu inakaribia sufuri. Ndiyo maana mbinu hii ya alama ya alfa inang'aa kwenye viini vinavyokufa haraka na inachechemea kwenye vinavyodumu. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye maabara ya GSI, Darmstadt, mwaka 1986, ilikuwa kwa zebaki-180, ambayo nayo inaishi sekunde mbili na nusu hivi, kwa hiyo waliijua adha hii tangu mwanzo.

Dawa sasa. Acha kuchukua rikoili ya mwisho. Chukua rikoili zote kwenye pikseli ileile kuanzia 0 hadi 15 s kabla ya alfa, andika gama zake kwenye histogramu ya kwanza. Halafu chukua rikoili zote kuanzia 30 hadi 45 s kabla ya alfa ileile, ziandike kwenye histogramu ya pili. Kufikia sekunde 30 asilimia moja na kitu tu ya risasi-186 halali ndiyo inayokuwa bado haijaoza, kwa hiyo histogramu ya pili ni nasibu tupu, na upana wa dirisha ni uleule. Toa ya pili kwenye ya kwanza. 404 itaporomoka, 662 itabaki. Kama 404 haikuporomoka, rudi hapa uniambie nimekosea.

Bei yake ni makosa ya takwimu. Ndani ya sekunde 15 unakusanya asilimia 88 ya halali, lakini kwa kila moja unabeba nasibu tatu. Ukikata dirisha hadi sekunde 5 unabaki na nusu ya halali, na nasibu inashuka hadi moja. Jaribu madirisha mbalimbali uone makosa ya eneo la 662 yanakuwa madogo wapi. Usikae na sekunde 15 kwa sababu tu mtu aliziandika kwenye programu miaka iliyopita.

Mgeni_wa_Spektra

Dada, ahsante sana. Nimeweka geti la 404 kwenye matriki ya rikoili. Kilele kimesimama palepale, kirefu kuliko vyote. Nimetoa nasibu kwa dirisha la 30 hadi 45, na 404 imebaki kama kinundu ambacho kimezama ndani ya makosa yake. 662 haijatikisika.

Nimegundua kitu kingine wakati nafanya. Nikiweka geti la 662 kwenye matriki ya rikoili bila alfa yoyote, napata 261, 337, 415 na hata 486, safi kuliko kwenye spektra ya alfa. Sasa alfa ilikuwa na kazi gani?

Bi_Jerimani

Kazi yake ilikuwa kukuambia kwamba 662 ni ya risasi-186 na si ya kitu kingine. Hilo likishajulikana, alfa inakula tu hesabu zako. Piga: tawi la alfa la risasi-186 ni asilimia 40. Rikoili inazama kina kifupi tu ndani ya silikoni, kwa hiyo karibu nusu ya alfa, zile zinazoelekea juu, zinatoroka na kuacha sehemu tu ya nishati. Unazipata kamili kama asilimia 55. Zidisha, inabaki 22. Kila hesabu tano, umetupa karibu nne. Na ukidai gama mbili sanjari juu ya hapo, matriki inakuwa tupu.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: alfa kwanza, upate jina la kiini. Kisha gama-gama kwa rikoili tu, upate nani anafuatana na nani. Kwenye geti la 662, mstari wenye nguvu kuliko yote uliobaki ndio ulio karibu nayo kwenye ngazi, kwa sababu mkondo unalishwa pembeni kadiri unavyoshuka. Usisahau kurekebisha ufanisi wa jerimani kwanza (yuropiamu-152 na bariamu-133 zinakutosha kwa kuanzia 81 hadi 1408 keV), na ile sehemu ya 261 iliyotoka kama elektroni badala ya gama.

Halafu linganisha pete ya digrii 158 na ya karibu na 90. Mpito wa kwadrupoli unaoshusha spini kwa mbili unatupa zaidi mbele na nyuma. Wa dipoli unaoshusha kwa moja unatupa zaidi ubavuni. Bila kipimo hicho, hiyo 2+, 4+, 6+ uliyoandika ni kuazima kutoka kwa waliotangulia.

Mzee_wa_Mahesabu

Niingie kwenye swali la pili, naona mmelipita.

Mwanangu, risasi ina protoni 82, ganda limejaa. Kiini kilichojaa ganda hakipendi kuzunguka, kimeviringana. Tazama risasi-208, ambako nyutroni nazo zimejaa ganda, 126: ngazi yake ya kwanza iko 2614 keV, na ni 3−. Ile 2+ iko juu zaidi ya 4000. Ukitegemea hilo, risasi yoyote ingekuwa ngumu kuisisimua.

Lakini kuna njia ya mkato. Chukua protoni mbili, zipandishe juu ya pengo la 82, acha mashimo mawili chini. Gharama ni kubwa, megaelektronivolti kadhaa. Ila protoni hizo na mashimo hayo zinavutana na nyutroni zilizo nje ya ganda, na mvuto huo unarudisha sehemu kubwa ya gharama. Kadiri nyutroni zilivyo katikati kati ya 82 na 126, mvuto ni mkubwa zaidi. Katikati ni 104. Toa 82 kwenye 186: umekaa hasa juu yake.

Kiini kilichopandishwa hivyo kimeharibika umbo, na chenye umbo kinaweza kuzunguka. Mzunguko wa kweli una alama yake: nishati za mpito zinapanda kwa hatua zinazokaribiana. Toa namba zako: 337 kutoa 261 ni 76. 415 kutoa 337 ni 78. 486 kutoa 415 ni 71. Hilo ndilo umbo uliloshindwa kuliona, limeandikwa kwenye tofauti. 662 haimo kwenye mfululizo kwa sababu si hatua ya mzunguko. Ni kuruka kutoka mkondo wa umbo refu kwenda kwenye hali ya chini iliyoviringana.

Na usiishie isotopu moja. 2+ ya kwanza iko 724 kwenye risasi-188, 662 kwenye 186, 702 kwenye 184, 888 kwenye 182, na 1168 kwenye 180. Inashuka hadi nyutroni 104 kisha inapanda.

Cha kupendeza zaidi, mwaka 2000 Andreyev na wenzake walionyesha, kwenye kitenganishi cha SHIP pale GSI, kwamba ngazi tatu za chini kabisa za risasi-186 zote ni 0+: ya ardhini, ya 532 na ya 650 keV. Waliziona kupitia alfa za poloniamu-190. Maumbo matatu ndani ya kiini kimoja: ya ardhini mviringo, ya 532 bapa, ya 650 refu.

Bi_Jerimani

Shikamoo mzee. Yote nakubali hadi sentensi ya mwisho. Majina ya 532 na 650 yamebadilishana.

Mwaka 2022 kikundi cha Jyväskylä, Ufini, Ojala na wenzake, walirudi kwenye risasi-186 na kifaa kinachoitwa SAGE, ambacho kinapima gama na elektroni kwa wakati mmoja shabahani. Hapa kuna jambo ambalo Mgeni analihitaji: kutoka 0+ kwenda 0+ hakuna gama. Gama moja lazima ibebe angalau uniti moja ya spini, na hapo hakuna ya kubeba. Nishati inatoka kwa elektroni ya obiti inayorushwa nje. Kwa hiyo mtu mwenye jerimani peke yake anaweza kukaa juu ya risasi-186 mwaka mzima na asione hata dalili ya ngazi hizo mbili zikishuka chini. Zile namba 532 na 650 hazimo kwenye spektra yako na hazitakuwemo.

Walichokitafuta ni mpito mdogo sana: kutoka 2+ ya 662 kwenda 0+ ya 532. Ni 130 keV. Mzee atakuthibitishia kwamba kwa mpito wa E2 (kwadrupoli ya umeme) kasi inakwenda na nishati kwa kipeo cha tano. 662 gawanya kwa 130, upandishe kipeo cha tano, unapata kama 3400. Yaani mpito wa 130 unaanza mbio ukiwa nyuma mara 3400, tena zaidi ya nusu yake inatoka kama elektroni. Kuuona tu, lazima mshikamano kati ya ngazi hizo mbili uwe mkubwa mno. Na walipoupima ulikuwa hivyo: 190 kwa uniti za Weisskopf (moja ni takriban nguvu ya mruko wa protoni moja), makosa 80. Makosa ni mapana, sikatai. Lakini mshikamano wa ukubwa huo ni wa ngazi zilizo kwenye mkondo mmoja wa mzunguko. Maana yake 532 ndiyo kichwa (ngazi ya chini kabisa) cha mkondo wa umbo refu, kwa sehemu kubwa, na 650 ndiyo bapa.

Mimi binafsi nilishawishika kwa kalamu kabla ya elektroni. Chukua hatua za mzee: 76, 78. Shuka hatua moja chini ya 261, ungetegemea mpito wa 2+ kwenda 0+ wa mkondo uwe kama 185. Toa 185 kwenye 662, unatua karibu na 477. Jirani yake ni nani, 532 au 650? Ukisema 650, unadai hatua ya mwisho ya mzunguko iwe 12 keV. Waliotetea jambo hilo walikuwa na sababu: 0+ tatu zilizobanana zinachanganyika na kusukumana, na kusukumana kunaweza kuhamisha ngazi mbali. Ni kweli. Ila kuhamisha kiasi hicho lazima ulipie kwingine.

Mzee_wa_Mahesabu

Marahaba. Hiyo ya 2022 nakubali, nimeshaisoma, nilishika ile ya zamani kwa mazoea. Ila nitabaki na neno lako "kwa sehemu kubwa". Hali hizi zimechanganyika. Ukimuuliza 0+ ya 532 "wewe ni refu?", atajibu kwa asilimia.

Kapteni_Alfa

Haya, nami nimeelimika. Dada, uliitaja risasi-180. Hiyo iliwezekanaje kabisa? Nasikia uwezekano wa mmenyuko ulikuwa nanobani 10.

Bi_Jerimani

Ni kweli, nanobani 10, Rahkila na wenzake, Jyväskylä, 2010. Zirkoniamu-90 kwenye molibdeni-92, nyutroni mbili zinatoka. Wenyewe waliandika kwamba hapo ndipo mpaka wa kinachowezekana kwa gama za shabahani.

Chukua mfano ujionee, namba za mashine ni zangu za kukadiria. Shabaha ya miligramu 0.6 kwa sentimita ya mraba ina atomu 3.9 × 10¹⁸ kwa sentimita ya mraba. Mwale wa nanoampia-chembe 10 ni ayoni 6.2 × 10¹⁰ kwa sekunde. Nanobani 10 ni 10⁻³² sentimita za mraba. Zidisha vyote: 0.0024 kwa sekunde, kama risasi-180 mia mbili na kumi kwa siku. Nusu zipite kwenye kitenganishi, asilimia 55 ya alfa zionekane kamili, unabaki na 58. Jerimani zote kwa pamoja zikamate asilimia 6 ya gama ya 1168. Unapata tatu au nne kwa siku.

Gama tatu kwa siku. Na muda wote huo jerimani zinapigwa na mipasuko ya viini na mamilioni ya taka nyingine. Kinachookoa ni kwamba alfa ya risasi-180 inakuja milisekunde chache baada ya rikoili kuzama, kwa hiyo nasibu haina nafasi ya kuingia. Chini ya vilele vyako wewe kuna tuta la Compton (gama zilizoacha sehemu tu ya nishati) na nasibu. Chini ya vilele vyao kuna sufuri, hapa na pale moja. Kilele cha hesabu kumi juu ya sufuri ni kilele. Kilele cha hesabu mia juu ya mia tano, mdogo wangu, kikalie kwanza.

Mgeni_wa_Spektra

Nimeelewa, na nashukuruni nyote. Nimemwandikia msimamizi kuhusu 404 na nimeambatanisha geti. Kajibu neno moja: "Hatimaye." Nadhani alikuwa anajua tangu siku aliponipa data.

La mwisho kabisa. Nikiruhusiwa kwenye jaribio jipya na risasi-186 hiihii, ningepunguza nasibu vipi tangu mwanzo, badala ya kuitoa baadaye?

Bi_Jerimani

Punguza mwale. Watu hawapendi kusikia, kila mtu anataka nanoampia nyingi, lakini rikoili zikishuka hadi 0.05 kwa sekunde kwa pikseli, ile 0.42 yako inapanda hadi 0.74. Umepoteza robo tatu ya kasi, ila kila tukio lina thamani zaidi, na jerimani zako hazipandani mapigo.

Ukikataa kupunguza, basi tawanya: rekebisha sumaku za mwisho ili doa la rikoili lijae silikoni nzima, si katikati tu. Na kaza masharti ya rikoili yenyewe. Mwale uliotawanyika ukifika kwenye silikoni unajifanya rikoili na kuongeza nasibu bure. Unao muda wa kuruka kutoka kigunduzi cha gesi hadi silikoni, unao upotevu wa nishati kwenye gesi. Chora moja dhidi ya nyingine, utaona madoa mawili yaliyotengana, zungushia la kwako kwa mkono. Lizungushie upya kila shabaha inapobadilishwa, kwa sababu doa linahama.

Zebaki haitaondoka kwa njia hiyo. Ina nukleoni 186 na kasi ileile, na kitenganishi cha gesi hakiwezi kuibagua na risasi. Hiyo utaendelea kuitoa kwa dirisha la 30 hadi 45.

Kapteni_Alfa

Au uende risasi-184 tu mkuu, nusu sekunde, mambo yamekwisha.

Bi_Jerimani

Aende, ila aulize kwanza ataruhusiwa siku ngapi za mwale. Kila nyutroni unayoondoa, mpasuko wa kiini unakula sehemu kubwa zaidi ya kinachobaki.